Geti Kwanza

Watu wa Kapkatet walicheka Noah alipochimba bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba. Hata mimi mke wake nilicheka. Miaka sita Qatar, halafu anarudi na hamu ya kuogelea kwa hii baridi yetu! Sasa hakuna anayecheka. Miezi miwili iliyopita binti yetu Chepchirchir, miaka mitatu, alitolewa humo.

Tangu hapo sisikii kitu. Chai nakunywa, iwe moto, iwe imepoa, yote ni moja. Mama mkwe ananiambia nilie. Nilie na nini?

Kitu kilichobaki ni hasira, na yote ilikuwa ya Jentrix, dada wa kazi kutoka Nyamira. Siku hiyo Noah akitoka na gari aliona geti dogo la uzio wa bwawa liko wazi. Akamwita Jentrix, aliyekuwa amesimama barazani, alifunge. Jentrix akakaa, akaendelea kuchambua maharagwe.

"Mama, haki ya Mungu, aliniambia keti," alisema akilia.

"Mwongo mkubwa wewe! Nani anatoa kichwa kwa dirisha la gari kukaribisha mtu akae?" Nilimfukuza kabla hajavaa, viatu vyake vikiwa mkononi mwake. Noah akaandikisha taarifa polisi. Taarifa yangu ilikuwa iandikwe Jumatatu, na nilijua nitakachosema: alisikia vizuri, akapuuza. Nikisema hivyo, Jentrix anaenda ndani.

Jumamosi fundi Okemwa alikuwa anafunga bwawa lote. Vyuma pande nne, wavu kila mahali mpaka juu, hata jani la mti wa mkima lisipite. Ilikuwa kazi safi. Ingekuwa safi zaidi miezi miwili nyuma, lakini nani alituuliza?

Saa nane mawingu yakashuka. Okemwa alikuwa juu ya ngazi tangu asubuhi, akikaza wavu wa dari. Noah alitaka geti jipya liwekwe kabla ya mvua, dari ingoje. Akaita kutoka barazani, mimi nikiwa kando yake:

"Okemwa! Keti kwanza!"

Okemwa akashuka, akaweka drili chini, akakaa juu ya ndoo. "Asante, mzee. Hata mgongo ulikuwa umekataa."

"Ai! Mvua ile inakuja! Nasema keti kwanza, na wewe unakaa?"

Okemwa akamwangalia, kisha akaniangalia mimi. "Si ndiyo nimeketi, mzee?"

Mimi ni mzaliwa wa Chepseon. Lugha yangu na ya Noah ni moja, ile ambayo 'g' mwanzoni mwa neno hutoka 'k', na miaka yote masikio yangu yalikuwa yanamrekebishia maneno bila kuniuliza. Siku hiyo yalikataa.

Noah alibaki ameinua mkono, akionyesha lile pengo la mlango. "Keti," akasema polepole. "Ke... keti."

Okemwa akainuka kidogo kwenye ndoo, akakaa tena.

"Jentrix alikaa," nikamwambia Noah. "Ulimwambia akae, akakaa."

Ndipo nikasikia uchungu wote, wa mtoto na wa yule dada niliyemfukuza hata viatu hajavaa. Nikaingia ndani kutafuta namba ya Jentrix.

Mvua ilianza. Noah alikuwa bado barazani, analijaribu hilo neno.