Ngoma ya Loisi Bomani

Siku ya tatu tangu askari waichukue ngoma yake, Loisi alijifunga kaniki mpya, akamwita wifi yake Zipora, wakashuka kwenda bomani.

Boma lile kuukuu lilikuwa ukingoni mwa mto, chini ya kijiji cha Gulwe. Tangu reli ifike, askari walikuwa wamehamia karibu na stesheni, na kapteni mmoja wa Kijerumani akaona kuta zile nene zisikae bure. Akakusanya humo mikuki, magobore, ngao za ngozi ya nyati, na mzinga mmoja uliokwisha kazi. Akapaita makumbusho ya vita. Mlinzi alikuwa Halfani, askari mzee wa Kondoa.

"Shikamoo, baba," alisema Loisi.

"Marahaba. Mmekuja kutazama?"

"Nimekuja kuchukua ngoma yangu. Kesho kutwa namwoza binti. Nitapiga nini, chungu?"

Halfani alijikuna kidevu, akawaingiza. Ngoma ilikuwa imetundikwa katikati ya mikuki, na karatasi ikining'inia shingoni kama hirizi.

"Wameandika nini?"

Halfani aliijua ile karatasi kwa moyo. "Ngoma ya vita ya Wagogo. Ikilia, watu mia hutoka kuua."

Zipora alitoa mlio puani. "Mia hutoka kula!" alisema Loisi, na hapo wote wawili wakashindwa kujizuia. Walicheka wakishikana mabega, machozi yakawatoka, Zipora akaegemea mikuki na mikuki ikaanguka yote, kra-kra-kra.

Mlangoni walisimama kapteni na mgeni wake, mzungu mnene aliyekuja kwa treni na daftari kwapani.

Kicheko kilikatika. Kapteni yule watu walimjua kwa hamsa ishirini zake, viboko ishirini na vitano kwa kila kosa.

"Nani hawa?" aliuliza kapteni.

"Hawa, bwana," Halfani alibabaika, "ni... ni wapigaji wa ngoma ya vita."

Macho ya mgeni yaling'aa. "Wapige! Nataka kusikia!"

Loisi aliitungua ngoma. Akapiga magoti, akaibana mapajani. Akapiga. Zipora akainua ngao, akaigonga kwa mpini wa mkuki, akapiga vigelegele vilivyozunguka zile kuta na kurudi vikiwa vingi zaidi. Loisi alisikia raha ikimpanda mgongoni. Alimsahau kapteni. Alisahau hata kwamba yuko bomani.

Mabega ya Halfani ndiyo yalianza. Yakapanda, yakashuka, kisha shingo, kisha mzee mzima akawa anarukaruka na funguo zake zikilia kiunoni. Mgeni alitikisa mguu mmoja. Akatikisa na wa pili. Daftari likaanguka, na yeye akalikanyaga akizunguka, tumbo mbele, uso mwekundu kama udongo wa kichuguu.

"Basi!" alifoka kapteni.

Mgeni alijitupa juu ya mzinga, akihema. "Mama, hao watu mia wakitoka, wanamwua nani?"

"Mbuzi, bwana," alijibu Loisi. "Wawili. Watatu, kama mwoaji ana uwezo. Hii ni ngoma ya wanawake, ya harusi."

Mgeni alicheka hadi akashika mbavu. Akamgeukia mwenyeji wake, akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie kwamba wataalamu wa Ulaya wakiisoma karatasi ile watamcheka mwaka mzima. Kapteni akaichana karatasi vipande vinne.

"Iondoeni," alisema, bila kumtazama mtu.

Halfani alimkabidhi Loisi ngoma kwa mikono miwili.

Walitembea bila kukimbia mpaka wakashuka mtoni. Hapo, kwenye mchanga mkavu, wakajitupa chali.

"Ulimwona anavyozunguka?" Zipora alijitunisha tumbo.

"Wifi, acha, nitakufa! Na kapteni angekataa je?"

"Ningempiga na ile ngao."

Wachungaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe kwenye visima vya mchangani walikuja kuuliza kulikoni. Loisi hakuweza kueleza. Kila alipoanza alicheka. Mwishowe alipiga magoti akawapigia, nao wakaacha ng'ombe wakacheza. Jioni walifika nyumbani, Zipora hana sauti hata kidogo, na nyuma yao alifuata ndama mmoja ambaye hakuna aliyejua ni wa nani.