Picha ya Kabla

Kila ushuhuda ulitakiwa uwe na picha mbili. Mugisho alipewa sheria hiyo siku walipoondoka Bukavu, na Pasta Zénon akamrudia nayo basi liliposhuka bonde la Ruzizi, kisha tena walipogongewa mihuri mpakani: picha ya kabla na picha ya baada. Mgonjwa akiwa mgonjwa, halafu mgonjwa akiwa mzima, ubavu kwa ubavu. Ushuhuda wa picha moja, alisema Pasta, hauendi popote. Wafadhili wanaufuta bila hata kuusoma.

Mugisho hakuhitaji kukumbushwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, kamera mbili shingoni, na jina. Harusi zote za maana pale Bukavu zilipita mikononi mwake, na mtu akimwambia picha fulani imeshindikana, alikuwa akicheka kwa pua. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka mpaka na kamera: siku kumi za injili Bujumbura, katika mtaa wa Carama, kula na kulala kwa kanisa mwenyeji. Akirudi na kazi nzuri, safari ya pili ilikuwa Nairobi. Pasta alikuwa ameshamtajia mwezi.

Ijumaa, siku ya nane, mambo yakamponyoka.

Maombi yalifanyika mchana, kwenye uwanja wa vumbi pale nyumba za Carama zinapoishia na mashamba ya mahindi kuanza. Turubai la bluu, jukwaa fupi la udongo, spika mbili, jenereta inayokohoa. Mugisho alikuwa ameinama nyuma ya turubai akibadilisha betri, dakika mbili, si zaidi, aliposikia mwanamke akipiga kelele: "Niko naona! Niko naona!"

Alipofika mbele, kila kitu kilikuwa kimekwisha tokea. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, kitenge cha njano, alikuwa anajizungusha palepale, anashika nyuso za watu, anasoma kwa sauti herufi zilizochapwa kwenye turubai. Jina lake Concilie. Alikuwa hajaona kwa miaka minne, na uwanja mzima ulijua, maana uwanja mzima ulikuwa umezoea kumwona akiongozwa kwa mkono kwenda bombani.

Mugisho akampiga picha kumi na moja. Macho yale! Makubwa, ya kahawia, yamejaa maji na jua, yanaruka kutoka uso hadi uso kwa uroho wa mtu aliyefunga kula miaka minne. Alijua hajawahi kupiga kitu kama kile. Lakini zote kumi na moja zilikuwa za baada.

"Ya kabla iko wapi?" Pasta Zénon aliuliza jioni, wakila ugali na ndagala, dagaa wa ziwani.

"Iko, Pasta," Mugisho akasema. "Kesho nitakupa."

Jumamosi asubuhi akaenda nyumbani kwa Concilie. Alimkuta uani amekaa kwenye mkeka, anachambua maharagwe, anainua kila kijiwe juani kabla ya kukitupa. Pembeni yake alikaa jirani yake Mwanvua, mama wa Kiislamu, mshonaji, amefunga ushungi, sindano mdomoni. Ndiye aliyekuwa mkono wa Concilie miaka yote minne.

"Karibu, Bwana Picha!" Concilie akacheka. "Kumbe we ni mufupi hivi? Siku zote nilisikia sauti yako pale kiwanjani nikasema huyu ni jitu."

"Mi si mufupi, Mama. Ni ninyi mumezoea kuangalia milima."

"Milima nilikuwa nimeisahau. Leo asubuhi nimeangalia ile ya kwenu Kongo, ng'ambo kule, mpaka chai ikapoa."

Mugisho akachuchumaa, akamweleza. Kazi ndogo tu. Akae pale ukutani, ashike ile fimbo yake, afumbe macho. Dakika moja. Kama alivyokuwa.

Kicheko kikamkauka Concilie. "Kama nilivyokuwa?"

"Apana," Mwanvua akasema, akitoa sindano mdomoni. "Hiyo apana. Kwetu mutoto akijifanya kipofu, anachapwa hapohapo, halafu ananawishwa macho na maji. Ugonjwa hauigizwi, kijana. Ukiuigiza, umeuita."

"Ni picha, Mama Mwanvua. Picha si ugonjwa."

"Basi fumba macho ya kwako."

Concilie aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na ilionekana hata katika kuwatazama tu alikuwa anaona raha. "Ni kwa kazi ya Mungu?"

"Ya Mungu kabisa, Mama."

"Na watu wataona, wataamini?"

"Maelfu."

"Wacha, dada," akamwambia Mwanvua. "Mule gizani nilikaa miaka minne. Dakika moja itanifanya nini?"

Akakaa ukutani na fimbo yake. Mugisho akapiga goti.

"Fumba. Kaza kidogo, hivyo unaonekana umelala tu. Uso juu. Usicheke, Mama."

Akapiga moja, mbili, tatu. Kamera ilipolia mara ya nne, kuku waliokuwa wakiparua nyuma ya jiko wakaacha, wote kwa pamoja. Redio ya jirani ilikuwa inaimba. Mugisho hakukumbuka baadaye kama ilizimwa au yeye ndiye aliacha kuisikia. Kwenye kioo cha kamera, uso wa Concilie ulilegea. Mashavu yakashuka. Shingo ikainama upande, kama ya mtu anayeishi kwa masikio. Mugisho alijua kutambua uigizaji. Mabibi harusi wote wanaigiza. Huu haukuwa uigizaji. Ikampendeza. Akapiga tena.

"Safi! Fungua sasa."

Concilie alibaki vilevile, shingo upande.

"Mama, tumemaliza. Fungua macho."

"Nimefungua," akasema.

Mugisho akashusha kamera. Macho yalikuwa wazi. Pengine yalikuwa wazi tangu kitambo. Yalitazama mahali fulani juu kidogo ya bega lake, na inzi mdogo alikuwa ametua kwenye kona ya jicho la kushoto, anatembea taratibu ukingoni, na kope haikutikisika.

Mwanvua akaja kwa magoti, akanyoosha mkono mbele ya uso ule. "Concilie. Vidole ngapi?"

"Vidole gani, dada?"

Walimnawisha kwa maji. Walimlaza, wakamwinua. Mugisho akasema anakimbia kumwita Pasta, na kweli alikimbia. Lakini kwenye kona ya kwanza alisimama, akachagua picha iliyo bora, akaituma kwa simu. Vidole vyake vilifanya hivyo kwa mazoea. Alipofika kanisani, Pasta alikuwa ameshaipokea, ameshaisambaza kwa wafadhili, na anatabasamu.

"Kazi nzuri, mwanangu. Unaona giza lenyewe kwenye uso wake."

Saa kumi Pasta Zénon akafika uani na wamama wanne wa kanisa. Concilie alikuwa amekaa kwenye mkeka uleule, maharagwe yamemwagika miguuni pake. Hakulia. Alisema wazi, bila kupandisha sauti: "Ni ile picha, Pasta. Kijana wako aliniomba nijifanye. Nikajifanya. Sijarudi."

Pasta akamgeukia Mugisho, simu mkononi, picha ikiwaka kwenye kioo. "Hii uliipiga lini?"

Wote wakamtazama, isipokuwa mmoja. Mugisho aliiona Nairobi. Aliliona jina lake likizungushwa midomoni mwa watu wa Bukavu, fundi wa picha za uongo. Muda wote huo Concilie alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwake.

"Jana, Pasta," akasema. "Mbele ya maombi, akiwa hajaona bado."

Mwanvua akapiga makofi mara moja, kavu. "Astaghfirullah! Mbele ya uso wake?"

"Imani imemutoka," mmoja wa wale wamama akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika. "Sasa anatafuta mutu wa kumushitaki."

Concilie aligeuza tu uso wake pale sauti ya Mugisho ilipotokea, akauacha hapo, mdomo wazi kidogo. Pasta aliomba, wamama wakaimba, na wakati wote ule uso haukuondoka.

Mugisho alirudi kwenye chumba chake jua likiwa bado halijazama. Akafunga mlango. Alitaka kuziangalia zile kumi na moja, kazi yake halali, kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukiita uongo. Akafungua ya kwanza.

Concilie alikuwa amefumba macho.

Haikumshtua. Mpiga picha yeyote anajua kope hazingoji ruhusa. Katika kumi, moja au mbili zitakuwa zimefumbwa. Akafungua ya pili. Imefumbwa. Ya tano. Ya nane. Kinywa kilikuwa kilekile kilichojaa kicheko, machozi yaleyale shavuni, watu wa nyuma yake wote macho kodo, na katikati yao yeye amefumba. Akaivuta moja karibu, karibu zaidi, mpaka uso ukajaa kioo kizima. Hazikuwa kope za mtu aliyepepesa. Zilikuwa zimekunjamana pembeni, zimebanwa, za mtu aliyeambiwa fumba, kaza kidogo.

Akakumbuka kwamba Ijumaa alikuwa amemtumia kaka yake Léonce moja, kule Bukavu. Akampigia.

"Ile picha ya mama wa kitenge cha njano. Fungua. Macho yake yakoje?"

"Si amefumba?" Léonce akasema. "Yuko anaomba. Kwani vipi?"

"Jana ulipoiona, yalikuwaje?"

"Jana..." Léonce akasita. "We, niache nile. Unaniuliza maswali ya polisi."

Jumapili ilikuwa ibada ya kufunga. Uwanja ulijaa, pengine watu mia tano, na waliokosa viti walikaa chini mpaka kwenye mistari ya mahindi. Mwanvua alimleta Concilie kwa mkono, akamfikisha mbele, akarudi kusimama pembeni kabisa, mikono amefunga kifuani. Alipompita Mugisho hakumwangalia.

"Amekesha anamuuliza Mungu yeye mwenyewe alikosea nini," akasema, kama anayesema na vumbi. "Usiku muzima. We unajua jibu, na umelala."

Mugisho hakuwa amelala.

Baada ya nyimbo, Pasta Zénon akachukua kipaza sauti. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya. Alisema Bwana hutoa, na mtu kwa mashaka yake huweza kukiangusha alichopewa. Alisema mama yetu Concilie amekuja leo kwa hiari yake kutubu mashaka yake mbele ya kanisa. Wamama wawili wakamshika mabega, wakampigisha magoti. Concilie akainamisha kichwa. Akafungua kinywa.

Kazi ya Mugisho wakati huo ilikuwa kupiga picha. Kamera ilikuwa tayari usoni pake, na kidole mahali pake. Ndani ya kioo kile kidogo aliona midomo ya Concilie ikianza kutafuta maneno ya kukiri kosa ambalo hakulitenda.

Akaiacha kamera ining'inie. Akapanda jukwaani hatua mbili, akanyakua kipaza sauti cha waimbaji.

"Asitubu!" Sauti yake ilirudi kutoka mashambani, kubwa kuliko alivyotegemea. "Ile picha niliipiga jana asubuhi. Jumamosi. Alikuwa anaona! Mi ndiye nilimufumba."

Mnong'ono ukapita uwanjani. Pasta Zénon hakukasirika. Alitabasamu tabasamu la mtu aliyezoea kelele, akainua mkono.

"Wapendwa, adui ameingia katikati yetu. Tufumbe macho, tuombe."

Wakafumba. Walikuwa watu waliolelewa na neno lile. Likitamkwa, kope zinashuka zenyewe. Mtu fulani akazima kipaza sauti cha Mugisho. Sauti ya Pasta ikajaa kwenye zile spika mbili, zote upande wa kushoto, na Mugisho akabaki kulia, hana sauti, mbele ya nyuso mia tano zilizofumbwa. Wazee, watoto, wamama waliomshika Concilie, waimbaji. Hata Mwanvua kule pembeni alikuwa ameinamisha kichwa. Zilikuwa kope zilezile za pichani. Zimekunjamana. Zimebanwa. Ilionekana kama hazingefunguka tena.

Kisha akaona macho mawili yaliyo wazi.

Concilie alikuwa bado amepiga magoti, lakini kichwa amekiinua. Kipofu hugeukia sauti, na sauti ilikuwa kushoto. Yeye alikuwa amegeukia kulia. Mugisho akapiga hatua moja pembeni, bila kishindo, juu ya vumbi laini. Macho ya kahawia yakamfuata. Akarudi. Yakarudi naye.

"Bado," Concilie akasema, si kwa nguvu, na neno lake likapita chini ya maombi ya Pasta kama maji chini ya mlango. "Umesema ya picha. Sema na ule uongo wa pale kwangu, ulipoulizwa. Na ukisema, uniangalie."

Pasta alizidisha sauti. Hakuna aliyefumbua. Mugisho alishuka jukwaani, akapiga magoti mbele yake, uso kwa uso, akaanza kusema yote kwa mdomo mtupu, na Concilie alikuwa akimtazama bila kupepesa, naye hakuthubutu kupepesa.