Ulimi wa Bi Sabuni

Kiwandani walimwita Bi Sabuni, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kuoshea rangi, na hakuna aliyetoka humo kwenda kula bila kunyoosha mikono mbele yake kama mtoto wa chekechea. Ukiwa na doa la njano chini ya ukucha, unarudishwa bombani. Ukinung'unika, unapelekwa bafuni kabisa, ukaoge mwili mzima, chakula chako kipoe. Hata Meneja aliwahi kurudishwa, akaenda bila kusema neno, na watu wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Alikuwa na sababu ya kuwa mkali. Rangi waliyotengeneza inapendeza macho, lakini inatokana na kadimi, madini yenye sumu, na kadimi haina mzaha. Kwanza madini hayo yanayeyushwa kwenye tindikali mpaka yanakuwa maji maangavu usiyoweza kuyashuku. Kisha yanamiminiwa maji ya salfa yenye harufu ya mayai viza na, kufumba na kufumbua, tangi zima linageuka njano. Wakitaka nyekundu, wanaongeza madini mengine yaitwayo seleni. Unga unachujwa, unakaushwa, unaingizwa kwenye tanuri lililozibwa lisipate hewa. Ukitoka humo ni mweusi tii, mgeni anadhani umeungua. Ukipoa ndipo wekundu unapojitokeza taratibu.

Baada ya hapo unakuja kwa Bi Sabuni. Kadimi iliyokwisha kuwa rangi imeshikana na wenzake, haiyeyuki ovyo. Ya kuogopwa ni vumbi, na ile iliyobaki huru ndani ya unga, ambayo huoshwa kwa tindikali hafifu na maji, tena na tena, mpaka iishe. Ikiingia mwilini inakwenda kukaa kwenye figo, na ikishakaa haina haraka ya kuhama. Haya yote Bi Sabuni aliwahubiria wageni kila walipoajiriwa, kidole juu, mpaka wengine wakayaota.

Sasa sikia maajabu. Huyu huyu Bi Sabuni alikuwa akiyaonja yale maji ya kuoshea.

Kipimo cha chumvi ya kadimi iliyobaki majini kilikuwepo, kimetundikwa ukutani. Lakini siku moja kiliharibika na mzigo ulikuwa unangojewa, naye akachovya kidole kidogo akakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Ladha kali ya chuma ikamwambia bado. Akaosha tena, akaonja tena, mpaka maji yakawa maji. Mzigo ule ulisifiwa sana. Kipimo kilitengenezwa, ila yeye alikuwa ameshanogewa. Kipimo kilimpa tarakimu tu. Ulimi ulimpa kichwa kikubwa, kwamba hakuna mwingine duniani mwenye kipaji hicho. Akawa anawapa watu mgongo, anachovya, analamba, anafumba macho kidogo, kisha anatema. "Tone tu," alijiambia. Mwanzoni aliona aibu, baadaye akaizoea, kama sote tunavyozizoea aibu ambazo hakuna anayezijua.

Kasheshe ilianza wafanyakazi walipopimwa mkojo na majibu yakatoka. Watu wa tanuri walikuwa wazima. Watu wa chumba cha kuoshea, karibu wote, kadimi ilikuwa imepanda, na Bi Sabuni ndiye aliyeongoza. Muuguzi wa kiwanda alipomwambia, papo hapo aliuwaza ulimi wake. Alipoambiwa kwamba wenzake nao wamo, alishusha pumzi. Ndiyo, alishusha pumzi, mama mzima, kwa kusikia kwamba wasichana wa chumba chake wameingiwa na sumu. Maana kama wengine nao wamo, basi si ulimi wake. Ni vumbi.

Na vumbi lilikuwa na mwenyewe. Fundi wa vichujio vya hewa alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mtu mpole, mzito wa kusema, ambaye yeye Bi Sabuni ndiye aliyemwombea kazi. Meneja aliwaita wote kwenye chumba cha mikutano, akamsimamisha shemeji mbele.

"Vichujio unabadilisha au hubadilishi?"

"Nabadilisha, bosi."

"Mbona watu wanaumwa?"

Shemeji akatazama buti zake. Meneja akageuka. "Bi Sabuni, wewe husemi uongo. Umemwona akibadilisha?"

Watu wote wakamtazama. Shemeji naye akamtazama, tena kwa muda mrefu. Bi Sabuni alijua fika kwamba vichujio hubadilishwa zamu ikishatoka, feni zikizimwa, ili vumbi lisimwangukie mtu. Asingeweza kumwona hata angetaka.

"Mimi sijamwona," akasema.

Ni kweli tupu, na ilitosha. Meneja akamwambia shemeji asubuhi arudishe funguo na buti.

Jioni mdogo wake alipiga simu. Hakulia, na afadhali angelia.

"Dada, umesema hujamwona?"

"Niliulizwa, nikajibu. Ulitaka nidanganye?"

"Si anabadilisha mkishatoka? Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia siku ile nilipokuwa namlalamikia kuchelewa kurudi. Uliniambia, mwache mumeo, anatulinda mapafu."

Bi Sabuni akadai ana chungu jikoni. Hakuwa na chungu jikoni. Alikaa kitandani na simu mkononi, uso unamwaka. Alijichukia, kisha akajitetea, kisha akajichukia tena kwa kujitetea.

Asubuhi aliingia kazini kichwa chini, akajitia shughuli kwenye tangi lake. Kwenye tangi la pili alikuwepo Kipini, msichana aliyeitwa hivyo kwa kipini chake cha puani. Bi Sabuni aligeuka kuchukua ndoo, akamwona Kipini amewapa watu mgongo. Akachovya kidole kidogo. Akakigusisha kwenye ulimi. Akafumba macho kidogo, akatema.

"Wewe!" Ndoo ilimtoka mkononi. "Unafanya nini?"

"Naonja, mama. Bado kidogo."

"Nani kakufundisha upuuzi huo?"

Kipini alimtazama kama mtu anayeulizwa jina la mama yake na mama yake mwenyewe. "Si wewe?"

"Mimi? Lini?"

"Hukutuambia kwa mdomo, lakini tunakuona. Rangi zako hazirudishwi na wateja, zetu zilikuwa zinarudishwa. Tukasema kumbe siri ndiyo hii. Na tangu tuanze, hazirudi tena." Akatabasamu kwa fahari. "Tulijua kama ingekuwa mbaya, mtu kama wewe asingeifanya."

"Mnafanya wangapi?"

"Sote, mama."

Bi Sabuni alishika ukingo wa tangi. Maneno yote aliyowahubiria kuhusu figo, kidole juu, yalikuwa yamewaingia sikio hili na kutokea lile, kwa sababu mgongo wake uliwaambia jingine. Hakuvua hata aproni. Akaenda moja kwa moja ofisini, na humo akamkuta shemeji ameshika buti zake, funguo ziko mezani mbele ya Meneja, muuguzi amekaa pembeni.

"Si vichujio," akasema kabla hajaulizwa. "Ni mimi. Naonja maji ya kuoshea. Wasichana wameniona, wakaniiga."

Muuguzi alifunika mdomo. Meneja alibaki ametoa macho. "Unaonja? Wewe? Wewe uliyenirudisha mimi bombani?"

"Ndiyo."

"Na jana ulipokuwa unasema hujamwona?"

"Nilijua anabadilisha saa gani. Nilijua siwezi kumwona."

Bi Sabuni akamgeukia shemeji, akashindwa kuinua macho kupita kifua chake. "Shemeji, nisamehe. Nimekuumiza na hukuwa na habari."

"Habari nilikuwa nayo," shemeji akasema taratibu. "Siku moja nilikuwa juu ya ngazi nakagua feni, nikakuona ukionja. Na tangu majibu yatoke nimekuwa nikiwaza sababu ni hiyo."

"Mbona jana hukusema?"

"Nitasemaje mbele za watu, shemeji? Wewe ni dada wa mke wangu. Nilikutazama tu, nikasubiri useme mwenyewe."

Meneja akazisukuma funguo kuelekea kwa shemeji. Muuguzi alikuwa wa kwanza kusimama. "Waite wote," akamwambia Bi Sabuni. "Kila aliyeonja. Wapimwe upya leo, na wanisikie mimi, sasa."

Bi Sabuni akarudi chumba cha kuoshea. Wasichana walikuwa wameshaambiana kwamba mama amegundua, wamejipanga karibu na matangi wakinong'ona. Walipomwona, wengine waliinamisha vichwa.

"Tusamehe, mama," Kipini akaanza. "Tulikosa adabu kukuibia ujuzi wako."

"Hamkuniibia," akasema Bi Sabuni. "Mlikuwa mnanifuata. Njooni, muuguzi anawasubiri."

Wakatoka nyuma yake kwa mstari mmoja, bila hata mmoja kuuliza kwa nini.