Mlango wa Stoo ya Vyuma

Mguu wa mama ulikuwa unavutwa na jiwe. Jiwe lenyewe limetiwa ndani ya kiroba cha unga, kiroba kimefungwa kamba, na kamba imepita juu ya chuma cha kitanda hadi kwenye plasta iliyozungushwa kifundoni. Kamba ilikuwa ya hospitali. Jiwe jamaa walitakiwa walete wenyewe, na Cheche, mwanawe, alilileta, akaliosha kwanza, maana sista wa zamu alisema wodini hauingizwi uchafu. Sista huyohuyo akasema mgonjwa asijigeuze. Kwani angejigeuza vipi? Tangu alipoteleza uani kwenye maji ya sabuni, mama alikuwa akiogopa hata kupiga chafya.

Cheche si jina alilopewa na wazazi. Alilipata karakanani, kwa kuchomelea vyuma bila miwani enzi za ujana, nyusi zikiungua na kuota tena. Nusu ya mageti ya mji ule yalipita mikononi mwake. Kwa hiyo daktari wa mifupa alipoinua picha ya eksirei ya mama dirishani na kuanza kueleza vyuma vinavyowekwa nyongani, Cheche alisogea karibu. Mambo ya chuma hayo, alidhani yatamwendea vizuri.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, hana majivuno. Alichora nyuma ya boksi la glavu. Mfupa ukivunjika huku chini, alieleza, tunafunga bamba na parafujo nene, au tunapitisha msumari ndani ya mfupa wenyewe. Ukivunjika shingoni mwa mfupa na kichwa chake cha mviringo hakijahama, parafujo tupu zinatosha. Huu wa mama umevunjika shingoni na kichwa kimehama, damu haikifikii tena, na mfupa wa mzee haubembelezeki. Huyu anataka kichwa kipya: tufe la chuma lenye mkia unaoingia ndani ya paja. Akiwekewa, kesho yake anakalishwa, kesho kutwa anasimamishwa. Asipowekewa atalala chali, mgongo uchubuke, mapafu yajae.

"Hawafi kwa nyonga, fundi," alisema. "Wanakufa kwa kulala."

Cheche akauliza hilo tufe liko wapi. Daktari akatupa jicho mlangoni kwanza, ndipo akajibu kwamba mgao wa wodi ya kawaida umeisha, labda amwone katibu wa hospitali.

Katibu alikuwa na maneno laini na kiti cha kuzunguka. Hakukataa. Watu wa namna ile hawakatai, wanakuzungusha tu kama kile kiti chao. Alilalamika kwamba vyuma vya upasuaji vinapotea stoo, kwamba mlango wa mbao haufai tena, na kumbe Mungu si Athumani, fundi kajileta mwenyewe.

"Tufungie stoo yetu vizuri," alisema. "Na la mama tutaliangalia."

Cheche hakuuliza ujira. Kichwani mwake hesabu ilikwishafungwa: mlango kwa tufe. Alirudi wodini akamwambia mama chuma chake kinakuja. Mama akacheka kwa tabu, akasema siku zote anasikia mfinyanzi hulia gaeni, lakini wake huyu amekataa mama yake alie gaeni. Tangu hapo kila aliyepita karibu na kitanda, hata mfagizi, aliambiwa kwamba mwanangu ananishughulikia chuma changu.

Nondo alizitoa karakanani kwake, zile nene alizokuwa amemwekea mteja mwingine. Akapiga magoti kwenye korido ya stoo, akapima, akakata, akachomelea. Na kila alipovua miwani aliona ndani. Rafu nzima ilikuwa na maboksi meupe, ubavuni yamechorwa tufe na mkia wake, vilevile alivyochora daktari. Juu yameshika vumbi. Mtunza stoo, mtu mzima asiyependa maneno, alimwona anavyotazama.

"Usiniulize, ndugu yangu," alisema. "Mimi natunza tu."

Shetani alimjia kwenye bawaba ya chini. Angeweza kuishika kwa nukta moja tu ya kuchomelea, apake rangi juu, na siku yoyote aing'oe kwa nyundo. Nani angejua? Lakini mtu amekupa ahadi, wewe umwibie? Halafu mkono wake haukuwahi kujifunza kuchomelea nusunusu. Akaizungusha bawaba yote, akaipiga msasa, akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, nyingine ikadondokea vipande vya nondo vilivyobaki.

Katibu alikuja kuukagua mlango. Akausukuma, akauvuta, akaridhika.

"Hii sasa ndiyo kazi."

"Na lile la mama, mkuu?"

"Lipi?"

Cheche akanyoosha kidole katikati ya nondo, kwenye maboksi.

"Aa, hayo. Hayo ni akiba ya daraja la kwanza."

"Huko daraja la kwanza kuna mgonjwa wa nyonga?"

"Hakuna. Lakini wakubwa nao huanguka, fundi. Mkubwa akianguka kesho, mimi nitamwambia nini?"

"Ulisema mtaliangalia."

"Tumeliangalia," katibu alisema. Alimpigapiga begani, akakagua kiganja chake kama kimeshika rangi, akaenda zake.

Cheche aliushika ule mlango kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zote alizojaliwa. Haukutikisika. Akauvuta tena, mpaka mtunza stoo akageuza uso upande wa pili. Laiti angekuwa fundi mbovu! Hilo ndilo lililomchoma, akaokota zana zake na mfuko wa masalio akaondoka.

Wodini alikuta kiroba kimechanika, jiwe liko sakafuni, mguu umelegea na mama anauma shuka. Kilikuwepo pia kikohozi, kizito, ambacho jana hakikuwepo. Sista akamwuliza kama ana kitu chochote kizito. Cheche akafungua mfuko. Sista akavipima mkononi vile vipande vya nondo vilivyobaki, akasema hivi vinafaa kabisa, akavifunga pamoja kwa waya na kuvining'iniza kwenye kamba. Mguu ukanyooka. Vyuma vikagonga ukingo wa kitanda, na mama akafumbua macho.

"Kimefika, mwanangu? Ndicho chenyewe?"

Kwenye ncha za nondo rangi nyekundu ilikuwa haijakauka. Cheche akaitazama.

"Ndicho, mama."

Mama akageuza shingo taratibu kumtafuta mwenzake wa kitanda cha pili. "Si nilikwambia?" alisema, kisha kikohozi kikamkata kauli, na kila alipokohoa vile vyuma viligongana.