Toa Mji Kwanza

Bibi yangu hana mchezo na vitendawili. Ukishindwa kutegua, hakwambii jibu mpaka umpe mji, na si mji wowote tu. Watu wengine ukiwatajia mji wanaridhika, wanakupa jibu, yanaisha. Bibi hapana. Ukimpa mji wa vumbi anakataa. Ukimpa wa milima anakataa, anasema magoti yake hayatafika. Siku moja Baba alishindwa, akataja miji mpaka ikamwishia, akasema kwa hasira, "Haya Mama, chukua kiti changu." Bibi akasema, "Huo sasa ndio mji." Mpaka leo anakikalia yeye, kile cha mito miwili karibu na dirisha. Baba anasoma gazeti kwenye stuli.

Kwa hiyo tulipoanzisha shindano la programu za fumbo pale shule, mimi ndiye niliyesema atakayeshindwa atoe mji.

Shindano lenyewe liko hivi. Unaandika programu ya kompyuta, na lazima ifanye kazi, lakini unaiandika kwa namna ambayo mtu akiisoma anatoka kapa. Programu za kawaida zinatakiwa ziwe wazi, mwenzako akisoma aelewe. Hizi zetu ni kama kumfungia mtu zawadi ndani ya mifuko saba. Tunaichapa kwenye karatasi, tunaibandika ukutani, jaji anaisoma na kusema inafanya nini. Akishasema, ndipo tunaiwasha. Akipatia, programu imekufa. Akikosea, anatoa mji.

Jaji alikuwa mwalimu wetu wa kompyuta, ambaye tunamwita Taratibu kwa sababu ndivyo anavyoibembeleza printa. Mtangazaji ni Kasuku, jirani yangu wa dawati, na jina hilo hakupewa bure. Mimi ni katibu. Napokea programu, nazitoa majina, na mimi peke yangu najua ipi ni ya nani. Jina sitaji mpaka mji utolewe. Hiyo sheria niliitunga mwenyewe, maana mtu mwenye aibu anaijua raha ya kutojulikana. Mama ni fundi cherehani, na huwa anawaambia wateja wake, "Huyu akichomwa na sindano anaiomba sindano msamaha."

Lakini kwenye chumba cha kompyuta nilikuwa naongea. Sijui kwa nini. Darasani nikiulizwa swali naangalia viatu. Mle ndani, kati ya zile kompyuta kuukuu nilizozishonea vifuniko kwa mabaki ya vitambaa vya Mama, moja maua, moja mistari, moja gauni la bibi harusi aliyebadili mawazo, nilikuwa nabishana kabisa, hata na Kasuku.

Ndiyo maana Jumatatu ile mwalimu mkuu aliposema mbele ya shule nzima kwamba chumba kile kitakuwa stoo ya madawati mabovu, niliona kama nanyang'anywa sauti.

"Nimesikia humo ndani watoto wanashindana kuandika vibaya," alisema. "Kuandika vibaya mbona tunaweza hata bila umeme?"

Shule nzima ikacheka. Mwalimu Taratibu akamfuata ofisini, akamwomba, akamwomba tena, mpaka akakubali kuja Ijumaa ajionee. Akiona faida, tutabaki. Asipoona, Jumamosi madawati yanaingia.

Ijumaa akaja. Tulifungua madirisha yote kwa sababu feni inazunguka ikitaka. Mwalimu Taratibu alikuwa ameazima spika mbili kubwa, za kumpigia mgeni muziki wa kumkaribisha. Mgeni akasema muziki hapana, asante.

"Shikamoo, mwalimu," tukaimba.

"Marahaba. Jaji ni nani?"

"Mimi," akasema Mwalimu Taratibu.

"Leo pumzika. Mimi nafundisha Kiswahili. Mafumbo nilianza kuyafumbua hawa hawajazaliwa."

Kasuku akamweleza sheria, mpaka ile ya mji.

"Sijawahi kutoa mji mimi," akasema mwalimu mkuu, akavaa miwani.

Programu ya kwanza ilikuwa na umbo la samaki. Mabano na nukta tupu, kuanzia mdomo hadi mkia. Mwalimu mkuu akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Huyu samaki ana saba kwenye jicho, saba kwenye pezi, na saba nyingine mkiani. Mtu hamwagi saba zote hizo bure. Hii inazidisha kwa saba."

Tukaiwasha. Saba, kumi na nne, ishirini na moja. Chumba kikapoa kama uji wa jana.

Ya pili ilikuwa ya Kasuku, ingawa alitakiwa asijulikane. Mwalimu mkuu aliisoma mpaka mwisho, akasema hii ni rundo la takataka na haitafanya chochote. Tukaiwasha. Haikufanya chochote.

"Mwenye programu hii, yeyote yule," akasema Kasuku huku jasho linamtoka, "jana ilikuwa inamkubali."

"Na yeye anajua inafanya nini?"

"Wakati anaiandika alikuwa anajua, mwalimu."

Mwalimu mkuu akaangalia saa yake. Mimi nikaangalia vifuniko vyangu na kuanza kufikiria nitavibeba kwenye nini.

Ikabaki moja. Haikuwa na umbo lolote. Ilisomeka kama mtu anayepika chai. Bandika maji. Kama hayajachemka, ngoja. Tia sukari, ngoja, tia sukari, ngoja, tia sukari. Koroga haraka, koroga, koroga, mpaka mkono uchoke. Mimina. Kwenye programu unaruhusiwa kukiita kitu jina lolote utakalo, hata namba ukaiita sukari, na mwenye hii aliitumia ruhusa hiyo mpaka ikaisha.

Mwalimu mkuu akacheka kwa mara ya kwanza. "Hii hata mtoto wa chekechea anaitegua. Inapika chai kwenye skrini. Kitatokea kikombe, na mvuke juu."

"Ndilo jibu lako, mwalimu?" Kasuku akauliza.

"Ndilo. Na sukari zimezidi."

Mwalimu Taratibu akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, ikabaki nyeusi. Halafu zile spika zikalia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kisha haraka haraka, ngo-ngo-ngo-ngo-ngo, mpaka ile ya mwisho inayopasuka kidogo, kama kengele yetu inavyopasuka. Kengele ya shule yetu ni rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa karibu na ofisi. Tatu za polepole, kisha za haraka, maana yake moja tu: kwenda nyumbani.

Darasa la jirani tukasikia madawati yanasukumwa. Miguu ikaanza koridoni. Mwalimu mkuu naye alishasimama, mkoba begani, anasema, "Haya, tutaendelea Jumatatu," na alishafika mlangoni ndipo akaangalia saa. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Akageuka polepole. Macho yake yakaenda moja kwa moja safu ya nyuma, kwa kiranja wa kengele. Huyu ni dada mrefu asiyecheka, na mwalimu mkuu anamwamini mpaka anarekebisha saa yake kwa kufuata kengele zake. Alikuwa amekaa, mikono magotini.

"Wewe uko hapa. Sasa nani anapiga kengele huko nje?"

Akaangalia spika. Akaangalia karatasi ya chai.

"Nani ameandika hii?"

Kupiga kengele bila ruhusa, shuleni kwetu, unaitiwa mzazi. Mwalimu Taratibu akaanza kuichunguza feni kama hajawahi kuiona. Kasuku, ambaye maneno hayajawahi kumwishia, yakamwishia. Na wote, mmoja mmoja, wakanigeukia mimi.

"Katibu. Ni nani?"

Nikaangalia viatu. Kiatu cha kushoto kilikuwa na vumbi. Halafu nikasikia mtu anaongea, na ilinichukua muda kujua ni mimi.

"Samahani, mwalimu. Toa mji kwanza."

"Unasemaje?"

"Umeshindwa, mwalimu. Ulisema chai. Jina halitajwi mpaka mji utolewe."

Feni ikasimama, ingawa hiyo ni tabia yake. Mwalimu mkuu alinitazama kwa muda ambao ningeweza kusoma barua nzima. Kisha akavua miwani, na pembe ya mdomo wake ikacheza.

"Kweli," akasema. "Nimeshindwa. Haya, nakupa mji mkuu."

"Siutaki."

"Huutaki? Una maghorofa."

"Una kelele, mwalimu."

Mtu akacheka nyuma, akajiziba mdomo.

"Basi chukua mji wenye bahari."

"Sijui kuogelea."

"Wenye mlima."

"Bibi yangu ana magoti."

Sasa walikuwa wanacheka wazi, na Mwalimu Taratibu alikuwa ameiacha feni. Mwalimu mkuu akarudi kwenye kiti chake, akaketi kama mtu aliyekuja kununua na kugundua muuzaji si wa kuchezewa.

"Wewe ndiye yule ambaye darasani sijawahi kusikia sauti yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kumbe ulikuwa unanionea huruma. Unataka mji gani?"

"Huu tuliomo," nikasema, nikaonyesha sakafu.

Hapo ndipo alipokiangalia chumba. Sisi, karatasi ukutani, samaki wa zile saba nyingi, vifuniko vya maua na mistari. Akashika lile gauni la bibi harusi kwa vidole viwili, akalipapasa.

"Na madawati yangu mabovu yakalale wapi?"

"Tutayagonga wenyewe," Kasuku akadakia, sauti imemrudia. "Mengi ni misumari tu, mwalimu. Tupe mwezi mmoja."

"Usianze kutoa ahadi kama programu zako," akasema mwalimu mkuu, na Kasuku akakaa. Kumbe alishajua ile ya pili ni ya nani. Kisha akatoa rundo la funguo kwenye mkoba, akahangaika na pete yake, akachomoa mmoja na kuniwekea mkononi. "Haya. Nimeutoa."

"Nimekwenda," nikasema kama Bibi anavyosema. "Nimefika. Nimekaa."

"Sasa jina."

Kabla sijafungua mdomo, safu ya nyuma mtu akasimama.

"Ni mimi, mwalimu," akasema kiranja wa kengele. "Tangu unipe kazi hii sijawahi kuumwa, maana nikiumwa hakuna wa kuipiga. Nikaona niifundishe kompyuta, na mimi siku moja niumwe."

Mwalimu mkuu akaichukua ile karatasi ukutani, akaisoma upya, kidole kikifuata mistari. "Sukari, ngoja. Sukari, ngoja. Sukari. Hizi ni zile tatu za polepole."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na kukoroga mpaka mkono uchoke." Akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikamdondoka mapajani. "Nimekula chumvi nyingi, nikashindwa na sukari. Hii naomba nikae nayo. Jumatatu nawasomea walimu wenzangu, na mimi nikale miji."

Wadogo wa kidato cha kwanza, wale wa darasa la jirani, walikuwa wameshatoka zamani. Mlinzi alipoulizwa kwa nini aliwafungulia geti saa nne asubuhi, akasema yeye hakuajiriwa kubishana na kengele; ikilia anafungua.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia Bibi kila kitu, nimesimama, kwa mikono na sauti zote, mpaka Mama akasimamisha cherehani asikilize. Nikamwonyesha ufunguo. Bibi akaupima mkononi, akanirudishia, akaegemea mito yake miwili.

"Si vibaya kwa mara ya kwanza," akasema. "Lakini ungeomba na kiti chake."

Baba, kwenye stuli, akajifunika gazeti.