Breki ya Nyuma

Tuda aliichagua baiskeli yake kwa woga, wala hakuona haya kulisema hilo. Wenzake wa Marrakesh walimcheka sana: nani siku hizi anapanda milima na chuma kizito namna ile? Yeye akawajibu kwamba fremu nyepesi ikikatika huko juu hakuna wa kuiunga, ila chuma hata fundi wa mageti anakichomelea. Akafunga keria nene, matairi mapana na mipira mipya ya breki, akazijaribu hizo breki mpaka viganja vikamuuma. Kilichomnyima raha ni ule mteremko wa upande wa pili wa Atlasi, njia ya kwenda Tarudanti kwa mama yake mdogo.

Mama yake, Ijja, safari hiyo hakuitaka hata kuisikia. Aliizunguka baiskeli akiikagua kama ng'ombe mgonjwa, akauliza breki zitamshika binti yake au zitamwacha. Tuda akamhakikishia zitamshika.

Basi akapanda, akafika kileleni, akaanza kushuka. Kona ya kwanza salama, ya pili salama. Kabla ya ya tatu akabana breki ya nyuma, lahaula, gurudumu likateleza kati ya mipira kana kwamba halikuguswa. Roho ikamruka. Kushoto mwamba, kulia bonde tupu. Imebaki breki ya mbele: akiibana sana atapinduka, akiilegeza ataruka. Aliogopa, jamani, akamwita mama yake kwa sauti, mtu mzima yule. Mwisho akaielekeza baiskeli kwenye rundo la kokoto kando ya mwamba, akajiangusha.

Magoti yalichubuka, lakini mzima. Ringi ya nyuma ilikuwa inang'aa. Akainusa: mafuta ya zeituni. Ndani kabisa ya begi la kwenye keria, juu ya gurudumu lile, begi alilolipanga kwa mkono wake, alikuta chupa asiyoijua, imeviringishwa kwenye kitambaa cha kichwa cha mama yake, kifuniko kimelegea. Kwao haendi mtu kwa ndugu mikono mitupu.

Simu ikaita.

"Nimekufichia mafuta ya mama yako mdogo humo begini, mwanangu," mama alisema. "Nimeyasomea dua breki zisikuache. Yapo?"

Tuda alilitazama bonde.

"Yapo, mama. Hazikuniacha."

Kisha akaifuta ringi kwa kitambaa kile kile, akaushika usukani, akateremka kwa miguu mpaka chini.