Kamba ya Kengele ya Mnarani

Visi alivaa viatu vyekundu siku ile, na mwanamke yeyote wa Granada, huko Hispania, aliyemwona akipanda kilima alijua sababu. Ilikuwa tarehe mbili Januari, siku mji unaposherehekea kumnyang'anya sultani wa mwisho wa Waislamu funguo zake. Siku hiyo wasichana wasioolewa hupanda mnara wa ngome kuvuta kamba ya kengele. Anayeivuta, watu husema, hamalizi mwaka bila mume.

Lakini Visi hakwenda kuvuta kamba. Alikwenda kutolewa kwenye foleni.

Miaka ya nyuma Angustias, rafiki yake tangu utotoni, alisimama kwenye foleni hiyohiyo. Eloy, mpenzi wake, akapenya katikati ya watu, akambeba msobemsobe, akapiga kelele, "Huyu ana mwenyewe! Piteni wengine!" Mnara mzima ukalipuka kwa vicheko. Kabla ya Pasaka walikuwa wameoana. Tangu hapo, kwa marafiki hao wanne, likawa jambo linalojulikana: mwanamume mwenye nia humtoa wake kwenye foleni. Leandro alikuwepo siku ile, na makofi yake ndiyo yaliyovuma kuliko yote.

Leandro alikuwa mpenzi wa Visi kwa miaka tisa. Kila mara alikuwa na neno: tungoje mavuno ya zeituni yaishe. Tungoje mguu wa mama upone. Zeituni zilivunwa, zikakamuliwa, zikaliwa. Mguu wa mama yake ulipona hata akacheza harusi za watoto wa watu.

Mwaka huu wote wanne walianzia bustani ya ngome. Mawaridi yalikuwa yamekatwa matawi, vichaka vya mihadasi vimeloa baridi, na maji yakikimbia mferejini kana kwamba yana miadi. Leandro akajipiga picha. Ndani ya kasri, Eloy akapapasa hewa mbele ya ukuta, pale maneno yaleyale yalipochongwa tena na tena, toka sakafuni hadi darini.

"Hakuna mshindi ila Mungu," akasema.

"Na sultani aliyeyarithi ndiye aliyeshindwa," Angustias akadakia. "Maskini! Angalau yeye alipewa muda wa kufunga mizigo." Kisha akamgeukia Leandro. "Na wewe bwana, leo umekula vizuri? Visi si mwepesi kumbeba."

"Mgongo wangu unauma," Leandro akasema akicheka.

"Utauma zaidi nikikushika mimi!"

Visi naye akacheka.

Juu ya mnara upepo wa theluji ulikata masikio. Foleni ikasogea. Kila hatua Visi aliipunguza, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, akawapisha wasichana wawili mbele yake. Hatimaye hapakuwa na wa kumpisha. Akaishika kamba, akageuka.

Leandro alikuwa pale, hatua chache tu. Macho yao yakakutana, naye akajua anachongojewa. Visi aliona kwamba amejua. Kisha Leandro akainua simu, akajificha nyuma yake.

"Vuta, mpenzi! Vuta kwa nguvu, nachukua video!"

"Nenda, mjinga wewe!" Angustias akamsukuma.

"Niende wapi? Mwacheni avute, ni bahati hiyo!"

Eloy akainamisha kichwa.

Subira huvuta heri, mama yake Visi alizoea kusema. Basi akavuta. Akavuta mara ya pili, na ya tatu, mpaka njiwa wakaruka kutoka ukutani na watu wakaacha kucheka. Mlinzi akamgusa bega. "Dada, na wenzako wanangoja."

Akaiachia kamba.

"Umevuta kama mji unaungua!" Leandro akasema, akimwonyesha video. "Mwaka huu lazima uolewe."

"Naam," Visi akajibu. "Na wewe nitakualika. Utakaa nyuma kabisa, uchukue video."

Leandro akacheka, akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Visi alikuwa ameshaanza kushuka ngazi.

Langoni, bibi muuza maua akaviona viganja vyake vilivyochubuka. Uso ukamchanua.

"Umeivuta vizuri, binti yangu! Hongera mapema."

"Asante, mama," Visi akasema, akavifumba viganja. Nyuma yake kengele ikalia tena, kwa mkono wa mwingine.